"Muhali": ni jambo lisilowezekana kabisa, au ni jambo lililo gumu kutokea?

#1 Mhariri_Umoja
Wanajukwaa, hamjambo. Naomba tulijadili neno moja ambalo limezua mzozo katika ploti tunayoishi. Msimamizi wetu alibandika tangazo langoni lililosema kwamba, kwa sababu ya mgao, "ni muhali maji kupatikana siku ya Jumatano na Alhamisi". Baadhi ya wapangaji walielewa kwamba maji hayatakuwapo kabisa, wakajaza kila mtungi na kila beseni usiku wa Jumanne. Wengine walielewa kwamba maji yatakuwa ya shida lakini yatapita kidogo kidogo, wakangojea alfajiri wakinge. Mifereji haikutoa hata tone, na hadi leo hao wa pili wanamlaumu msimamizi kwamba aliwaficha ukweli, naye anashikilia kwamba aliusema kwa neno moja lisilo na shaka.

Mimi hupata riziki kwa kuhariri maandishi, na ninasimama na msimamizi. Muhali ni jambo lisilowezekana, basi. Anayetaka kusema kwamba jambo ni gumu ana "gumu", ana "zito", ana "shida". Anayetaka kusema kwamba hutokea mara chache ana "nadra" na "adimu". Tukiliachia neno hili lilegee hadi likawa na maana ya "huenda lisiwe", tutakuwa tumepoteza neno zuri ambalo peke yake linabeba uzito wa sentensi nzima. Wenzangu mnasemaje?

#2 Mwalimu_Kayole
Asante kwa mada, ndugu Mhariri. Sikubaliani nawe, na sababu yangu ni matumizi yenyewe. Mtu akisema, "Siku hizi ni muhali kumpata kijana wa Nairobi asiye na simu," hakuna msikilizaji atakayedhani kwamba kijana wa namna hiyo hayupo duniani. Mtangazaji wa kandanda akisema dakika ya themanini kwamba itakuwa muhali kwa timu iliyofungwa mabao mawili kusawazisha, hatuzimi redio. Tunaendelea kusikiliza kwa sababu tunajua mabao mawili yanaweza kupatikana kwa dakika kumi. Watu hawa hawaharibu lugha. Wanalitumia neno kwa maana ambayo wasikilizaji wao wameipokea bila kukwazika.

Ninaposahihisha insha, mwanafunzi aliyelitumia kwa maana ya "gumu sana kutokea" simwondolei alama, ila huwa ninamwandikia pembeni kwamba maana nzito zaidi ipo na aijue.

#3 Binti_Shela
Salaam kwenu. Mimi ni mzaliwa wa Lamu ninayeishi South C, na neno hili nililijua chuoni, katika masomo ya dini, kabla sijalikuta katika kitabu chochote cha Kiswahili. Mwalimu wetu wa tauhidi, somo la itikadi kuhusu Mungu, alitufundisha kama walivyofundisha wanazuoni wa Kiashari, mojawapo ya madhehebu ya itikadi katika Uislamu, tangu karne nyingi, kwamba hukumu za akili ni tatu: wajibu, muhali na jaizi. Wajibu ni kile ambacho akili haikubali kisiwepo. Muhali ni kile ambacho akili haikubali kiwepo. Jaizi ni kile kinachoweza kuwepo na kinachoweza kutokuwepo. Mfano tuliopewa wa muhali ni kitu kimoja kuwa kinakwenda na kimetulia kwa wakati ule ule, au sehemu kuwa kubwa kuliko kitu kizima kilichotoa sehemu hiyo.

Kwa mizani hiyo, maji kutopatikana Umoja siku ya Jumatano ni jaizi. Yanaweza kuja na yanaweza yasije. Kwa hiyo msimamizi wenu alitumia neno zito mno kwa jambo ambalo lina funguo na vali, na kuna mtu mahali fulani anayeifungua na kuifunga.

#4 Fundi_Gikomba
Nimesoma kwa makini. Mimi nilikuwa ninaamini kwamba muhali ni ndugu wa neno "mahali", yaani jambo lisilo na mahali pa kukaa, jambo lisilo na nafasi. Tena kuna "stahili", ambalo nalo linafanana nalo kwa sauti: jambo muhali ni lile lisilostahili kutokea. Bi. Shela, wewe uliyesoma chuoni, hilo unalionaje?

#5 Binti_Shela
Kaka Fundi, maneno hayo yanafanana kwa sikio tu. Kwa Kiarabu, "mahali" linatokana na shina lenye maana ya kushuka na kutua, mahali ambapo msafiri anatua mzigo. "Stahili" linatokana na shina la "ahali", kuwa mwenye kufaa kwa jambo. Muhali lina shina lake jingine, lenye maana ya kugeuka na kubadilika. Jamaa zake wa kweli katika Kiswahili ni "hali", kwa kuwa hali ndiyo inayobadilika, na "hila", kwa kuwa hila ni kuligeuza jambo kwa ujanja. Hata yale maneno "la haula" tunayoyatamka tunapofikwa na zito yanatoka shina hilo hilo. Jambo muhali, kwa asili hiyo, ni lile lililogeuzwa likatoka kwenye njia yake, likawa upotofu usioweza kusimama.

#6 Hesabu_Ngara
Hapa ndipo somo langu linapoingia. Katika hesabu za uwezekano tunatofautisha kwa ukali tukio lenye uwezekano wa sifuri na tukio lenye uwezekano mdogo sana. Ukirusha kete yenye nyuso sita, kupata saba ni sifuri. Ukirusha sarafu mara 10 na kupata kichwa mara zote 10, uwezekano wake ni 1 kwa 1,024. Ukichagua nambari sita kati ya 49 katika bahati nasibu, uwezekano wa kuzipata zote ni 1 kwa 13,983,816. Hayo mawili ya mwisho ni madogo, la mwisho ni dogo kupita kiasi, lakini si sifuri, na kuna watu wanaoshinda. Ninamuunga mkono Mhariri: tuliachie neno muhali kazi ya sifuri, maana hakuna neno jingine moja linaloifanya.

Niongeze jambo ambalo huwastaajabisha wanafunzi wangu. Waulize abiria wa matatu ya watu 14 kama ni rahisi wawili kati yao wawe wamezaliwa tarehe moja ya mwezi mmoja. Wengi watakujibu kwamba ni muhali. Ukipiga hesabu, ukichukulia kwamba tarehe zote 365 zina nafasi sawa, uwezekano ni kama asilimia 22, yaani zaidi ya safari moja katika kila tano. Wakiwa 23 unapita nusu. Katika matatu ya abiria 33 unafika asilimia 77. Basi wanaosema muhali kwa maana ya "haielekei" mara nyingi hukisia tu, na makisio yao huwa mbali na ukweli. Hiyo ndiyo hatari ya kulitumia neno la mwisho kwa jambo ambalo hatujalipima.

#7 Dereva_Rongai
Mwalimu wa Ngara, tarehe za kuzaliwa utazipata vipi, na abiria wangu hata nauli wanaitoa kwa kubembelezwa? Hilo ndilo muhali lenyewe.

Lakini nina mfano wa maana. Mwaka 2003, kabla ya Kombe la Dunia la kriketi, ungemwambia mtu kwamba Kenya itafika fainali angekujibu kwamba ni muhali. Na ikafika. Neno hilo basi lilikuwa na maana gani kinywani mwake?

#8 Mzee_Parklands
Ndugu Dereva, ilikuwa nusu fainali. Nilikuwa uwanjani Nairobi Gymkhana tarehe 24 Februari 2003, Kenya ilipoishinda Sri Lanka kwa mikimbio 53, Collins Obuya akiwatoa wapigaji watano kwa mikimbio 24. Katika nusu fainali, tarehe 20 Machi mjini Durban, tulifungwa na India kwa mikimbio 91. Tena haki isemwe kikamilifu: New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa sababu za kiusalama, na pointi za mchezo huo tukapewa sisi. Kwa hiyo njia yetu ilikuwa na ushindi wa jasho pamoja na pointi za mezani. Ninayasema haya kwa sababu jambo likisimuliwa likiwa limeongezwa chumvi huonekana la ajabu kuliko lilivyokuwa, na mjadala wa neno hili unategemea tupime mambo jinsi yalivyotokea.

#9 Mwalimu_Kayole
Asante, Mzee, kwa kuweka sawa. Hata kwa nusu fainali hoja ya Dereva inabaki. Na kuna mfano ulio wazi zaidi. Kwa miaka mingi wapenzi wa riadha walisema kwamba ni muhali kwa binadamu kukimbia marathoni chini ya saa mbili. Tarehe 12 Oktoba 2019, huko Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia umbali huo kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Ninajua kwamba haikutambuliwa kuwa rekodi rasmi, kwa kuwa haikuwa mashindano ya wazi na alikuwa na wasaidizi waliopokezana kumwekea kasi. Lakini miguu iliyopita kilomita 42 ilikuwa yake. Mhariri, ukishikilia kwamba muhali ni lisilowezekana, utalazimika kusema kwamba wale wote walizungumza uongo. Ukikubali kwamba muhali ni jambo gumu kupita mazoea yetu, basi walizungumza kweli kwa wakati wao. Mimi ninaona ni heri kuwaelewa wasemaji kuliko kuwahukumu.

#10 Mhariri_Umoja
Mwalimu, mtu anayekosea utabiri hajasema uongo, amekosea tu. Waliosema muhali mwaka 2010 walimaanisha haiwezekani, na walikuwa wakiamini hivyo kwa dhati. Baadaye ikaonekana kwamba inawezekana. Kilichobadilika ni ujuzi wetu kuhusu mwili wa binadamu, na maana ya neno imebaki pale pale. Ukilegeza maana kila mara utabiri unapokosea, hakuna neno litakalosalimika.

#11 Binti_Shela
Nadhani kuna jambo sijalisema kuhusu masomo yale, nalo linawagusa nyote wawili. Wanazuoni hawakuishia kwenye muhali mmoja. Walitofautisha muhali wa kiakili na muhali wa kidesturi. Wa kiakili ndio nilioutaja, sehemu kuwa kubwa kuliko kizima. Wa kidesturi ni ule ambao akili inaweza kuukubali lakini mazoea ya ulimwengu hayajawahi kuuonyesha, kama moto kugusa pamba kavu na usiiunguze. Nabii Ibrahimu kusalimika alipotupwa motoni, kwa maelezo yao, kuliwezekana kwa sababu ni muhali wa desturi tu. Kwa hiyo hata huko neno lilikotoka lilikuwa na tabaka mbili, na tabaka ya pili iko karibu sana na marathoni ya Mwalimu. Hata hivyo, ninaona tumeivuta tabaka hiyo mbali mno tunapoifikisha kwenye mgao wa maji, ambao ni desturi yenyewe.

#12 Mpenda_Mashairi
Nimefurahi sana kuusoma uzi huu, na ninaomba kuongeza maelezo ambayo hayajaguswa.

Kwanza, washairi na wasimulizi wana njia ya kusema "haitatokea" bila kulitumia neno lenyewe. Huliambatanisha jambo na lingine ambalo kila mtu anajua haliwezekani: nitakurudia kuku akiota meno. Wanabalagha wa Kiarabu, yaani wataalamu wa ufasaha wa lugha, waliipa mbinu hiyo jina, nao waliiita kuambatanisha na muhali. Mfano wake mkubwa ni ngamia kupita katika tundu la sindano. Waislamu wanaukuta katika Sura ya Al-A'raf, aya ya 40. Wakristo wanaukuta katika Mathayo 19, aya ya 24. Lakini angalieni tofauti. Katika aya ya Kurani ngamia ni mpaka usiovukika: hawataingia peponi mpaka apite, na hapiti. Katika Mathayo, wanafunzi wanaposhtuka na kuuliza ni nani basi atakayeokoka, wanajibiwa kwamba lisilowezekana kwa wanadamu linawezekana kwa Mungu. Taswira ni moja, lakini huku imeufunga mlango na kule imeuacha na ufa. Ninaona mvutano wa Mhariri na Mwalimu umo humo humo, na ni wa kale kuliko Kiswahili tunachokiandika.

Pili, muhali si neno la kwanza la Kiarabu kulegea lilipofika pwani yetu. "Adimu" kwa asili linahusu kutokuwepo, kukosekana. Sisi tunalitumia kwa kitu kilichopo ila hakipatikani kwa urahisi. Na "labda" ndilo la kushangaza kuliko yote. Linatokana na maneno mawili ya Kiarabu yenye maana ya "hapana budi", yaani jambo la lazima lisilo na njia ya kulikwepa. Kwa Kiswahili limekuwa neno la mtu asiye na hakika. Kama lazima imeweza kugeuka kuwa huenda, kuna ajabu gani kwa kisichowezekana kugeuka kuwa kigumu? Nadhani Mswahili ni mtu wa adabu, hapendi kufunga mlango usoni mwa mwenzake, na maneno ya kukata yakifika kwake huyapunguza makali.

#13 Hesabu_Ngara
Mpenda Mashairi, hayo kuhusu "labda" ni mazuri, lakini mifano miwili haitoshi kumpa Mswahili tabia ya adabu. "Lazima" na "haramu" nayo yalitoka huko huko na bado yanakata kama wembe. Adabu haikuyagusa.

#14 Fundi_Gikomba
Na vipi kuhusu "ndoto za Alinacha"? Marehemu babu alizoea kusema hivyo kwa mipango isiyoelekea kutimia. Hiyo ni muhali au siyo?

#15 Mpenda_Mashairi
Kaka Fundi, Alinacha ni yule wa Alfu Lela Ulela, nduguye kinyozi, aliyenunua vyombo vya kioo kwa urithi wake wote, akaketi mbele ya kapu akipanga jinsi atakavyouza, atakavyotajirika na kumwoa binti wa waziri, na jinsi atakavyompiga teke mkewe kwa majivuno. Akarusha teke lenyewe, vyombo vyote vikavunjika. Tazama kwamba hakuna hatua hata moja katika mpango wake iliyokuwa muhali. Watu hununua vyombo na kuuza kwa faida kila siku. Kilichokuwa mbali ni mnyororo mzima kukamilika bila kukatika. Kwa hiyo ndoto za Alinacha ni za mambo yaliyo mbali kutokea, na ndiyo sababu lugha ikayapa msemo wake badala ya kuyaita muhali.

#16 Mkulima_Nyahururu
Niko Nairobi kwa kazi lakini kwetu ni Nyahururu. Septemba 2008 mteremko mzima huko kwetu ulifunikwa na weupe, watu wakatoka kuushika kwa mikono na kuuonja. Wengi waliamini kuwa ni theluji, na wazee walisema kwamba walichokuwa wakikijua kuwa ni muhali kimetokea karibu kabisa na mstari wa ikweta. Wataalamu wa hali ya hewa walieleza kwamba ilikuwa mvua ya mawe iliyoanguka kwa wingi na kushikamana. Hapo nikajifunza kwamba watu wakiona jambo wasilolitarajia, neno hubaki lile lile. Kinachotafutwa ni maelezo mengine ya jambo lenyewe.

#17 Mwalimu_Kayole
Mfano huo ni wa Mhariri zaidi kuliko wangu, lakini ni mzuri.

#18 Mwanafunzi_KU
Samahani, wakubwa zangu. Neno hili liko katika ngeli gani? Sijawahi kuona wingi wake.

#19 Mwalimu_Kayole
Mwanangu, katika sentensi nyingi huja baada ya "ni" au "si", likafanya kazi kama kivumishi au kielezi, ndiyo maana ngeli yake haijitokezi. Tunga sentensi kama "jambo hili ni muhali" na "mambo haya ni muhali" utaona kwamba halibadiliki.

#20 Dada_wa_Sacco
Ninashangaa kwamba hadi sasa hakuna aliyetaja matumizi ninayoyasikia kuliko yote. Kwetu, watu husema "kumwonea mtu muhali". Nimekaa katika kamati ya mikopo ya chama cha akiba kwa miaka, na kila mdhamini anapoitwa kwa sababu mkopaji amekimbia, maelezo ni hayo: "Alikuja nyumbani na mkewe, nikamwonea muhali, nikatia sahihi." Hapo hakuna lisilowezekana wala lililo nadra. Kalamu ilikuwepo, na mdomo wa kusema "siwezi" ulikuwepo. Maana yake ni kwamba alishindwa kukataa kwa haya au kwa kuujali uhusiano wao. Je, hili ni neno lile lile?

#21 Binti_Shela
Ni lile lile, dada. Kukataa kulikuwa muhali machoni pake. Hakusema kwamba ni muhali, alisema ameona muhali, yaani katika nafsi yake mlango wa kukataa ulikuwa umefungwa, ijapokuwa mtu mwingine angeupita. Kwetu Lamu mtu asiyemwonea yeyote muhali husemwa kwamba hana haya.

#22 Mhariri_Umoja
Bi. Shela, nakubali kwamba maelezo yako yanapendeza, lakini mimi ninaona kwamba hapo tuna maneno mawili yaliyoishia kuwa na umbo moja. Maana ya haya na huruma iko mbali mno na maana ya kiakili uliyotufundisha. Kama ni moja, mbona hatusemi "aliona lisilowezekana"?

#23 Mkalimani_Milimani
Ninafanya kazi ya ukalimani mahakamani, na swali la Dada wa Sacco limenigusa, kwa sababu kauli hiyo huletwa mbele yetu na inatupa kazi ngumu. Shahidi anaposema kwa Kiswahili, "nilimwonea muhali nikatia sahihi," mkalimani ana sekunde chache za kuamua. Akiipeleka kama "sikuweza kukataa", mawakili watauliza mara moja ni nani aliyemlazimisha, kwa vitisho gani, na shahidi ataonekana kama anadai kwamba alishurutishwa. Akiipeleka kama "nilimhurumia", shahidi ataonekana kwamba alitia sahihi kwa hiari kamili na sasa anajuta. Yeye mwenyewe hakusema lolote kati ya hayo mawili. Alisema kwamba hakuna aliyemshika mkono, na kwamba hata hivyo hakuiona njia ya kuukwepa mkono ule.

Ninachofanya ni kuomba ruhusa ya mahakama ili shahidi aulizwe alimaanisha nini. Mwandishi mmoja wa kumbukumbu aliwahi kunitaka nichague neno moja tuendelee, nikamweleza kwamba nikichagua mimi, nitakuwa nimetoa ushahidi badala ya shahidi. Kwa hiyo, Mhariri, hata kama ni maneno mawili kwako, kwa wasemaji niliowasikiliza pale kizimbani lisilowezekana na lisilovumilika kulitenda yanakaa pamoja, na mtu akiulizwa ayatenganishe, mara nyingi hunyamaza kwanza, kisha hujibu kwa kusimulia uhusiano wake na mkopaji tangu utotoni.